Nusu kaputi, ganzi au sindano ya mgongo: upasuaji wa kichwa na uti wa mgongo unataka ipi?

Swali hili huwa naulizwa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, na anayeuliza mara nyingi ni mjomba. Huku kusini, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mgonjwa anaweza kuwa na mke, watoto wakubwa wanne na ndugu wa upande wa baba wamejaa korido nzima, lakini kalamu ya fomu ya ridhaa haishikwi mpaka mjomba ashuke kwenye basi la kutoka Newala. Akifika, hata maji hajanywa, namwamkia naye anaingia moja kwa moja: "Marahaba, mwanangu. Sasa nambie, hamwezi kumpiga ganzi tu? Hiyo nusu kaputi mtu anaamka kweli?"

Mimi ni muuguzi wa usingizi. Kazi yangu ni kumlaza mgonjwa, kumlinda akiwa amelala na kumwamsha. Benchini pale jibu huwa fupi kwa sababu mgonjwa ananisubiri, kwa hiyo hapa namjibu mjomba kwa nafasi.

Njia ziko tatu zenye majina. Ganzi inachomwa pale pale panapopasuliwa, mgonjwa yuko macho. Sindano ya mgongo inachomwa kiunoni, kuanzia tumboni kwenda chini panakufa ganzi, na juu mtu anaongea kama kawaida. Nusu kaputi ni kulala kabisa, mrija wa hewa umepita kooni na mashine inampumulia. Iko na ya nne isiyo na jina, ile ya "mpe kidogo asinzie". Hiyo nitaisema vibaya huko mbele, kwa hiyo wenye kuipenda wajiandae.

Kichwani hakuna nafasi ya kuvimba

Ukipata jeraha mguuni, mguu unavimba na ngozi inatanuka. Fuvu halitanuki. Ndani yake ubongo umechukua kama asilimia 80, sehemu iliyobaki ni damu na maji ya ubongo. Maji hayo kwa mtu mzima, ukijumlisha na yale ya kwenye uti wa mgongo, ni kama mililita 150, nusu ya chupa ya soda. Kikiongezeka kitu kimoja, tuseme damu imevia au uvimbe umeota, vingine vinasogea kidogo kukipa nafasi. Nafasi ikiisha, presha ya ndani ya fuvu inapanda haraka. Kawaida yake kwa mtu mzima ni kati ya 7 na 15 kwa kipimo kile kile cha zebaki tunachopimia presha ya mkono.

Presha ya damu ndiyo inayosukuma damu ipande kichwani, na presha ya fuvu inaisukuma irudi. Kinachoufikia ubongo ni tofauti ya hizo mbili, nasi kwa mtu mzima aliyeumia kichwa tunataka tofauti hiyo isishuke chini ya 60. Ndiyo maana dawa ya usingizi inayoangusha presha kwa dakika kumi, ambayo mgonjwa wa ngiri asingeihisi, kwa mgonjwa wa kichwa inaweza kuacha alama.

Halafu ipo hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua nje. Mtu akipumua vibaya, hewa hiyo inabaki mwilini, mishipa ya damu ya ubongo inatanuka na ubongo unajaa. Daktari wa upasuaji akifungua na kuona ubongo unapanda, kabla hajasema neno anamwangalia mtu wa usingizi. Ana haki kabisa.

Damu iliyovia: hapa ganzi inashindana kweli na nusu kaputi

Mzee amejikwaa shambani kwenye mikorosho, akagonga kichwa kidogo, akainuka, akaendelea kuokota. Wiki tatu baadaye anachanganya majina ya wajukuu na mguu mmoja anauburuta. Nyumbani wanasema kiharusi, jirani anasema ametupiwa kitu. Siti skani inaonyesha damu imevia kati ya fuvu na ubongo. Upasuaji wake ni kutoboa tundu moja au mawili na kuisafisha damu hiyo, basi.

Kwa upasuaji huu mimi naipenda ganzi, mgonjwa akiwa anafaa. Watu wanashangaa wakisikia kwamba ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni ngozi, utando wa juu ya mfupa na ule unaoufunika ubongo. Neva zinazoleta maumivu ya ngozi ya kichwa zinajulikana, sita kila upande, zinachomwa moja moja kwa dawa ya ganzi, lignokaini, yenye adrenalini. (Wenzangu wa kazi: mzee wa kilo 50 bila adrenalini mwisho wake ni miligramu 150, yaani mililita saba na nusu tu za dawa ya asilimia 2. Ni rahisi kupitiliza ukiwa unachoma huku na huku.) Presha haianguki kama kwa nusu kaputi, hakuna kukohoa na mrija, na mzee mwenye moyo au mapafu mabovu anaepushiwa mzigo. Faida kubwa ni kwamba anaongea. Maneno yakianza kumtatiza katikati ya kazi, tunajua hapo hapo, na hakuna mashine ya bei yoyote inayotuambia mapema kuliko mdomo wake.

Ubaya wake nao si mdogo. Sauti ya drili inapita kwenye mfupa, ni kama umelaza kichwa juu ya mashine ya kukoboa ikiwa inafanya kazi. Mtu lazima atulie na aelewe anachoambiwa. Nakumbuka mzee mmoja wa kutoka upande wa Tandahimba, Kiswahili chake kidogo, alianza kujivuta drili ilipowashwa. Aliyemtuliza hakuwa mimi wala daktari. Alikuwa mama wa usafi, tulimvalisha gauni na barakoa, akakaa chini ya shuka amemshika mkono, akamwongelesha Kimakonde kuhusu bei za korosho msimu ule. Dakika arobaini. Mzee alibishana naye bei mpaka nyuzi ya mwisho.

Nusu kaputi inachukua nafasi pale ambapo mgonjwa amechanganyikiwa, anatapika, ni mtoto, au fahamu zimeshuka. Akishafikia kutofungua macho hata ukimfinya, na hatamki neno, mrija unawekwa upende usipende, upasuaji uwepo usiwepo. Nusu kaputi inanipa usukani wa hewa ya ukaa: kwa kichwa tunaitaka 35 hadi 40 kwa kipimo hicho hicho cha zebaki, na mashine inaiweka pale pale. Mgonjwa hatikisiki. Gharama yake ni kwamba presha inaruka wakati wa kuweka mrija, inaweza kuanguka dakika chache baada ya dawa kuingia, na mwisho wa kazi inabidi tusubiri aamke ndipo tujue yuko vipi.

Kwa upasuaji mkubwa wa kufungua fuvu, kama damu ya ajali ya bodaboda inayoendelea kuvuja au uvimbe ulioota, mjomba, hapo usijisumbue kulinganisha. Ni nusu kaputi. Upo upasuaji wa uvimbe ambapo mgonjwa anaamshwa katikati ili aongee wakati uvimbe ulio karibu na sehemu ya lugha unakatwa, lakini hiyo ni kazi ya timu iliyoizoea, hospitali kubwa, na mgonjwa aliyeandaliwa kwa siku kadhaa.

Ile njia ya nne

Miaka yangu ya mwanzo, hospitali ambayo sitaitaja, tulianza na ganzi kwa mgonjwa asiyetulia. Akasogea, tukampa dawa kidogo. Akasogea tena, tukaongeza. Mwishowe alitulia kweli, akaanza kukoroma. Barakoa ya oksijeni iko usoni, klipu ya kidoleni inasoma 97, mimi nimeridhika. Daktari akasema kwa sauti ya chini, "Ubongo unapanda." Ile 97 ilikuwa inanidanganya: klipu inasoma oksijeni, haisomi hewa ya ukaa, na mtu anayekoroma chini ya barakoa ya oksijeni anaweza kuwa na namba nzuri huku hewa ya ukaa inajikusanya. Tuliweka mrija kichwa kikiwa kimeshafungwa vitambaa, mmoja ameshika jeraha, mimi nimepiga magoti chini ya shuka na tochi mkononi. Aliondoka akiwa hai. Jasho la siku ile silisahau.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: upasuaji wa kichwa ni macho kweli au kulala kweli. Ukiambiwa "tutamsinzisha kidogo", si dhambi, wapo wanaoifanya vizuri kwa dozi ndogo, lakini uliza kuna mashine ya kusoma hewa ya ukaa wakati anapumua mwenyewe, na uliza mpango ukoje asipotulia. Jibu likichelewa, chagua mojawapo ya zile mbili.

Mgongo: angalia ni wapi, angalia ni saa ngapi

Upasuaji wa kiunoni, wa diski iliyochomoza au njia ya neva iliyobanwa, unaweza kufanyika kwa sindano ya mgongo. Watu wengi hawajui. Mgonjwa anachomwa, anajilaza kifudifudi mwenyewe, na kiwiko kikikaa vibaya anasema. Damu inapotea kidogo, kutapika ni kwa nadra, koo halimwumi kesho yake. Ila bupivakaini, dawa ya sindano hiyo, inakupa kama saa mbili, tatu ukibahatika. Daktari akikuta kazi ni kubwa kuliko picha ilivyoonyesha, saa haimsubiri. Na dawa ikipanda juu mpaka kupumua kukawa shida, mgonjwa yuko kifudifudi na mgongo uko wazi, inabidi kumgeuza haraka. Liko na jambo dogo ambalo madaktari wa upasuaji wanalipa uzito: baada ya sindano, miguu inabaki na ganzi kwa saa kadhaa, kwa hiyo hawawezi kuipima papo hapo. Wa nusu kaputi akiamka tu anaambiwa achezeshe vidole na jibu linapatikana.

Kwa pingili moja ya kiunoni, mtu mzima mwembamba asiye na wasiwasi mwingi, ningekubali sindano hata kwa ndugu yangu. Kwa pingili nyingi, kwa skrubu na vyuma, kwa mtu mnene, na kwa chochote cha shingoni au kifuani, nusu kaputi. Hata nusu kaputi yenyewe ukiwa kifudifudi ina kazi yake: macho yasigandamizwe na kitu chochote, mrija usichomoke, na tumbo lining'inie bila kubanwa, kwa sababu tumbo likibanwa mishipa ya mgongoni inajaa na jeraha linavuja damu mpaka daktari haoni anachokata.

Jambo moja halina mjadala. Mtu mwenye presha kubwa ndani ya fuvu hachomwi sindano ya mgongo. Nimeulizwa mara nyingi, "Mbona dada yake alichomwa mgongoni wakati wa kujifungua na akawa mzima?" Dada yake alikuwa na mtoto tumboni, huyu ana uvimbe kichwani. Ukitoboa chini, maji yanavuja chini, ubongo wenye shinikizo juu unasukumwa kuelekea kwenye tundu la chini ya fuvu. Hapo hatuzungumzii tena aina ya usingizi.

Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe

Huyu ni mgonjwa wetu wa msimu. Shingo imevunjika, miguu haisogei. Ni nusu kaputi, mrija unawekwa bila kukunja shingo, mtu mmoja kazi yake ni kushika kichwa tu. Presha yake ya wastani, iliyo kati ya ile ya juu na ya chini, tunaitaka 85 hadi 90 kwa siku za mwanzo, hadi wiki, ili uti wa mgongo ulioumia upate damu.

Sasa sikilizeni, hasa mliopitia kwa mganga kabla ya kuja. Tukiuliza alianguka tarehe gani, si umbea. Ipo dawa ya kulegeza misuli inayoitwa suksamethoni, inafanya kazi haraka na tunaitegemea sana kwenye dharura. Siku mbili tatu baada ya miguu kufa na miezi mingi inayofuata, dawa hiyo inaweza kuitoa potasiamu ya misuli kwa wingi ikaingia kwenye damu, na moyo ukasimama. Ukinidanganya kwamba ameanguka jana ili usigombezwe na daktari, kumbe ana wiki mbili, dawa nitakayoichagua kwa tarehe yako ndiyo itakayomuua. Semeni tarehe ya kweli. Mimi sigombezi.

Gesi au dawa ya mshipa

Hili mara nyingi mgonjwa hachagui, anachagua mtu wa usingizi kwa alichonacho kabatini, lakini kwa upasuaji fulani linabadilisha hospitali ya kwenda. Isoflureni inapitia kwenye mashine ya gesi, na kwa dozi ya chini haina ubaya kwa ubongo. Ukiipandisha sana inatanua mishipa ya kichwani. Haloteni inatanua zaidi. Propofoli ya mshipani inafanya kinyume, inapunguza damu inayokwenda kwenye ubongo na ubongo unatulia, na mtu akiamka anaamka akili imekaa sawa. Inataka pampu ya sindano inayohesabu matone bila kuchoka na umeme usiokatika, au betri unayoiamini. Ketamini, tuliyokua nayo sote vituo vya huku, zamani tulikatazwa kabisa kuipeleka karibu na kichwa. Siku hizi tunajua kwamba kwa mgonjwa anayepumuliwa na mashine haina madhara yale yaliyohofiwa, na kwa majeruhi mwenye presha ya chini inafaa.

Tofauti inakuwa kubwa kwenye kunyoosha kibiongo. Zipo mashine zinazotuma umeme mdogo kutoka kichwani mpaka misuli ya mguu, muda wote daktari anaponyoosha, ili uti ukivutwa kupita kiasi ijulikane kabla haujafa. Gesi nyingi inafifisha mawimbi hayo, dawa ya kulegeza misuli inayafuta, kwa hiyo hapo ni propofoli. Pasipo na mashine hiyo ipo njia ya Wafaransa, Stagnara na wenzake, waliyoitangaza 1973: katikati ya upasuaji dawa inapunguzwa mpaka mgonjwa asikie. Unamwambia, "Nikamate mkono." Akikamata, unamwambia, "Chezesha vidole vya miguu." Mikono ikikamata na miguu isisogee, vyuma vinalegezwa hapo hapo. Mgonjwa anaelezwa siku moja kabla, anafanyishwa mazoezi kitandani, na wengi baadaye hawakumbuki maumivu. Ni njia ya heshima kabisa, ila inakuambia habari ya dakika ile tu. Mashine inaangalia kila wakati. Mtoto wangu angekuwa na kibiongo cha kunyooshwa, ningempeleka penye mashine.

Mtwara au Dar

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ilianza kutoa huduma mwaka 2021. Safari ya Muhimbili, kwa taasisi ya mifupa na ubongo ya MOI, ni kilomita kama 560 kwa barabara. Kwa kibiongo, au uvimbe wa ubongo unaokua polepole, safari hiyo inalipa. Kwa diski ya kiunoni au damu iliyovia zamani, ulizeni kwanza hapa hapa. Kwa damu mbichi ya ajali, tatizo ni zile kilomita. Majeruhi asiyeitika asipakiwe kwenye gari kabla hajawekewa mrija, kichwa kiinuliwe nyuzi 30, na presha ya juu isishuke chini ya 110. Akipewa dripu isiwe ya sukari.

Kuhusu mashine za kumwangalia mgonjwa, ulizeni mbili tu, nyingine zitakuwepo. Ya kwanza nimeshaisema, ya hewa ya ukaa: mrija ukichomoka inaonyesha ndani ya pumzi chache, wakati klipu ya kidoleni inaweza kukaa dakika nzima au zaidi ikisema kila kitu ni salama. Ya pili ni presha ya ndani ya mshipa. Mkanda wa mkononi unasoma kila dakika tatu au tano. Kanula iliyoingia kwenye mshipa wa mapigo inasoma kila pigo. Kwa tundu la damu iliyovia mkanda unatosha. Kwa uvimbe mkubwa, mimi sianzi bila kanula hiyo.

Msishangae mkiona mfuko wa mkojo umejaa. Ni manitoli, dawa ya kuukausha ubongo. Mtu wa kilo 60 anaweza kupewa hadi mililita 300 za ile ya asilimia 20, na maji yote hayo lazima yatoke. Dawa yenyewe ikipoa inaganda chembechembe kama chumvi. Kwa joto la Mtwara ungedhani haiwezekani, lakini kiyoyozi cha chumba cha upasuaji kinaweza, nimeshaipasha moto kwenye beseni mara kadhaa.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Chakula mwisho ni muda wa saa sita kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa mbili kabla. Uji ni chakula. Togwa ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula, hata kama ni kikombe kimoja alichopewa na shangazi kwa huruma. Dawa za presha na kifafa, njooni na maboksi yake, msije na maelezo ya "vile vidonge vyeupe". Na akina mama waliotoka harusini: piko nyeusi na rangi ya kucha zinaisumbua klipu ya kidoleni. Acheni kidole kimoja bila kupaka. Ikishindikana, nitabana sikioni, basi hereni mziache nyumbani.